Kigari cha Watoto Wawili: Pima Mlango Kabla ya Kuuliza Bei

Wazee wanaokunywa kahawa pale kijiweni mtaani kwetu Tandika hawajanisamehe hadi leo. Asubuhi ile waliponiona nasukuma kigari chenye viti viwili, ndani yake wamo mpwa wangu wa mwaka mmoja na nusu na mdogo wake wa wiki 6, mmoja wao aliweka kikombe chini na kuuliza kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara: "Mtangazaji, leo unauza nini? Maandazi au juisi ya ukwaju?"

Nilicheka nao, nikapita. Saa tatu baadaye nilirudi njia ile ile nikiwa sicheki. Mpwa wangu alikuwa na plasta juu ya jicho, na kigari kilikuwa kimebebwa begani na kijana mmoja wa bodaboda aliyetuonea huruma. Nilipoyasema hayo katika mazungumzo yetu ya redioni wiki iliyopita, simu na ujumbe viliingia kwa wingi. Wengine walitaka kujua mtoto anaendeleaje, na wengi zaidi walitaka kujua wanunue kigari cha namna gani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, leo nayarudia mazungumzo yale kwa maandishi, pamoja na nyongeza ambazo muda wa hewani haukuruhusu.

Mtoto hajambo. Amebaki na kovu dogo kwenye nyusi. Kovu hilo ni langu mimi mjomba wake, na ndilo linalonifanya niandike.

Nianze na jinsi kigari kilivyofika. Dada yangu amepanga chumba na ukumbi hapa hapa Tandika. Shemeji ni dereva wa malori ya Tunduma, leo yuko Mikumi na kesho yuko Makambako. Mimba ya pili ilikuja bila kubisha hodi, mtoto wa kwanza akiwa bado hajatambaa vizuri. Dada alijifungua kwa upasuaji, naye daktari akamwonya asinyanyue kitu chochote kizito kuliko mtoto mchanga mpaka kidonda kipone. Sasa mwambie mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mwenye kilo 11, kwamba mama habebi! Mtoto huyo ndiyo kwanza ameona kifua chake kimetwaliwa na mgeni, akibebwa hataki kushuka na akishushwa hataki kutembea.

Ratiba ya chanjo nayo haingoji. Kwa utaratibu wa hapa Tanzania, mtoto mchanga hurudi kliniki akiwa na wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14. Mkubwa naye ana chanjo ya surua na rubela ya miezi 9, na ya pili ya miezi 18. Kwa dada yangu tarehe hizo ziligongana. Alikuwa na kadi mbili, watoto wawili na kidonda kimoja, na mumewe yuko safarini.

Ndipo jamaa yetu aliyeko Uingereza aliposikia habari hizo akatutumia, ndani ya mzigo wa rafiki yake, kigari cha watoto wawili ambacho wanawe walikuwa wamekikua. Tulishangilia. Hakuna aliyeuliza breki zake zikoje. Mtu akipewa ng'ombe hahesabu meno, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa makosa.

Kabla ya kuendelea, hebu tujue kidogo chombo hiki kilikotoka. Inasimuliwa kwamba kigari cha kwanza cha aina hii kilibuniwa Uingereza mwaka 1733 na mchoraji wa bustani aitwaye William Kent, kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire, nacho kilitengenezwa ili kivutwe na mnyama mdogo. Kwa miaka mingi vigari vilibaki kuwa vyombo vizito vya watu wenye majumba makubwa. Mageuzi yalikuja mwaka 1965, pale Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyewahi kushughulikia miguu ya kutulia ya ndege za kivita za Spitfire, alipobuni kigari cha alumini cha kilo 3 hivi kinachokunjika kama mwavuli. Vigari vyepesi tunavyoviona leo Kariakoo ni wajukuu wa fundi yule.

Lakini zingatia jambo moja. Kent alibuni kwa ajili ya bustani, na Maclaren kwa ajili ya barabara zenye vijia vya waenda kwa miguu na viwanja vya ndege vyenye sakafu kama kioo. Hakuna kati yao aliyeiona Tandika, Manzese au Mbagala. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya njia ya mwenzako hakina budi kupimwa upya kwenye njia yako.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Vigari vya watoto wawili viko vya namna mbili kubwa.

Namna ya kwanza ni kile ambacho watoto huketi bega kwa bega. Uzuri wake ni kwamba kila mtoto ana kiti chake, aghalabu kila kiti hulazwa peke yake, na wote wawili wanaona mbele. Ubaya wake ni upana. Vingi vina sentimeta 75 hadi 80. Kigari chetu kilikuwa na sentimeta 78, na mlango wa chumba cha dada ulikuwa na nafasi ya sentimeta 72. Hesabu hiyo niliifanya baada ya kigari kugoma mlangoni, kikiwa kimeshapakiwa watoto. Ubaya wa pili ni kwamba watoto wakitofautiana sana uzito, kigari huvuta upande wa mzito, hasa kwenye mchanga. Wa tatu ni kwamba mkono wa mkubwa unaufikia uso wa mdogo, na mwenye wivu hakosi nafasi.

Namna ya pili ni kile ambacho mmoja hukaa mbele na mwingine nyuma. Upana wake hukaribia ule wa kigari cha mtoto mmoja, kwa hiyo hupita mlangoni, sokoni na katikati ya meza za wauza mitumba. Lakini ni kirefu, hupinda kwa shida, na kukipandisha ngazi moja tu ni kazi ya watu wawili. Aliye nyuma huona kisogo cha kiti cha mwenzake na aghalabu hulalamika. Tena kirefu hiki hufanya kazi kama mizani: ukimtoa mtoto wa upande mmoja, uzito wote hukimbilia upande wa pili. Ndiyo maana watengenezaji hueleza nani akae wapi, nani atangulie kupanda na nani atangulie kushuka. Maelezo hayo si mapambo, yafuateni.

Ipo pia njia ya katikati, nayo ni kigari cha mtoto mmoja chenye kibao kidogo nyuma ambapo mkubwa husimama akishika vyuma. Njia hii humfaa mtoto aliyekwisha kuwa imara na mwenye kusikia, aghalabu wa miaka miwili na zaidi. Lakini vijigurudumu vya kibao hicho ni vidogo na viko chini mno. Kwenye lami hukimbia vizuri, na kwenye mchanga wetu hugeuka jembe.

Jambo la msingi kuliko yote kwa mtoto mchanga ni kulala. Mtoto wa wiki 6 ana kichwa kizito na shingo isiyo na nguvu. Ukimkalisha wima, kidevu huangukia kifuani, na njia ya hewa iliyo nyembamba kama mrija hujikunja. Anaweza kukosa pumzi kimya kimya, na wewe unayesukuma ukadhani amelala usingizi mtamu. Kwa hiyo kiti cha mchanga hakina budi kulala bapa kabisa, na awe hivyo mpaka ashike shingo na kuketi mwenyewe, kama kwenye miezi 6. Muuzaji akikwambia "kinalala kidogo", mwambie kidogo haitoshi. Na kwa sababu hiyo hiyo, kigari kisigeuzwe kitanda cha usiku. Mkifika nyumbani mlaze chali kitandani pake, juu ya godoro lisilobonyea.

Sasa magurudumu. Vigari vingi vya bei nafuu vina vijigurudumu vya plastiki, vyembamba, vinavyozunguka kila upande. Vinapendeza kwenye sakafu ya duka. Viingize kwenye mchanga wa uchochoroni, kila kimoja kitatafuta njia yake na kuzama. Gurudumu kubwa na pana hupita juu ya mchanga na mawe, na lile lenye upepo hupunguza mtikisiko ingawa litahitaji fundi wa pancha. Kama vijigurudumu vya mbele vinazunguka, hakikisha vina kifungo cha kuvielekeza mbele moja kwa moja. Na mkikwama, msisukume kwa nguvu. Geuzeni kigari, mkivute kinyumenyume kwa magurudumu makubwa ya nyuma, kwa hatua chache tu, mkitazama mnakokwenda.

Uzito nao ufanyiwe hesabu. Kigari cha watoto wawili kinaweza kuwa na kilo 13, mkubwa kilo 11, mchanga kilo 4, na mkoba wa nguo na chupa kilo 2. Jumla ni kilo 30, yaani zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji. Sasa jiulize, nani ataupandisha mzigo huo kwenye daladala ya Mbagala saa 12 asubuhi? Makonda tunawalaumu kila siku, lakini basi dogo lililojaa mpaka mlangoni halina pa kuweka chombo hicho hata kikiwa kimekunjwa. Vituo vya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, vilijengwa vikiwa na jukwaa linalolingana na sakafu ya basi, na huo ni muundo unaomfaa mwenye kigari, ila tu asipande wakati watu wamebanana. Bajaji hubeba kigari kilichokunjwa, ikiwa kukunjwa kwake kunakubali kukaa miguuni. Jaribu kabla ya siku ya safari.

Hapo nimefika kwenye kisa changu.

Tulimaliza kliniki salama. Watoto wote wawili walichomwa sindano, na wote wawili walilia mpaka mtaa mzima ukajua. Njiani mchanga akadai haki yake, dada akamtoa kwenye kigari akaketi kwenye benchi la duka kumnyonyesha. Mimi nikakanyaga breki, nikaingia hatua mbili dukani kununua maji. Mkoba mzito ulikuwa umening'inizwa kwenye mpini. Mkubwa alikuwa kwenye kiti chake amefungwa mkanda wa kiuno peke yake, kwa sababu kifungo cha mikanda ya mabegani kilikuwa kimevunjika, nami nilisema "si kitu, tunakwenda karibu".

Mahali pale pana mteremko mdogo ambao kwa miguu huuhisi. Breki ilishika gurudumu moja tu, lingine lilikuwa limelika. Kwa kuwa mchanga alikuwa ametolewa, uzito ulikuwa upande mmoja, na upande huo ndio uliokuwa na breki mbovu. Kigari kikajipinda polepole, kikageuza uso, kikaenda zake. Niliposikia dada anaita "Kaka! Kaka, mtoto!" nilikuwa nimeshika chupa ya maji mkononi. Kilikuwa kimeshafika kwenye mtaro usio na mfuniko. Mkoba ulikivuta nyuma, mtoto akateleza nje ya mkanda, akajigonga kwenye ukingo wa zege.

Namshukuru Mungu mtaro ulikuwa mkavu na kina chake ni cha magoti. Tungekuwa mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimeujaza, nisingekuwa naandika habari ya kovu.

Nimeyafikiri mambo yale usiku mwingi. Hapakuwa na bahati mbaya pale. Palikuwa na makosa manne yaliyokutana, nayo yote yangeonekana nyumbani kama ningekagua kwa robo saa. Kwa hiyo nakupa ukaguzi ambao mimi sikuufanya, hasa wewe unayenunua kigari kilichotumika, pale Karume, Manzese, Tandika au kwa jirani anayehama.

Kwanza, usikijaribu kwa mtoto. Chukua mfuko wa sembe wa kilo 10 uweke kiti kimoja, na wa kilo 5 kiti cha pili. Kipeleke kwenye mteremko, kanyaga breki, achia mikono ukiwa karibu. Kisha toa mfuko mmoja, uone. Halafu urudishe, utoe wa pili. Kikisogea hata shubiri moja, breki haifai. Breki nzuri hushika magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja.

Pili, mikanda iwe ya sehemu tano: miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni na mmoja wa katikati ya mapaja. Yote iwe mizima na ifunge kwa mlio. Mkanda wa kiuno peke yake haumzuii mtoto mkorofi, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiye mkorofi mimi sijamwona.

Tatu, kikunje na kukikunjua mara tano. Kuna kufuli ya kwanza na aghalabu kufuli ya pili ya usalama, na zote zishike. Tazama pia maungio ya vyuma. Mwezi Novemba mwaka 2009 kampuni ya Maclaren ilitangaza nchini Marekani marekebisho ya vigari vipatavyo milioni moja, baada ya taarifa 12 za watoto waliokatika ncha za vidole kwenye bawaba wakati kigari kinakunjuliwa. Kampuni ilitoa vifuniko vya bawaba hizo. Lakini kigari cha zamani husafiri ndani ya kontena bila kifuniko na bila tangazo. Kwa hiyo soma jina na namba ya aina iliyobandikwa kwenye chuma, kisha mwombe kijana mwenye simu aitafute kwenye intaneti kama iliwahi kuondolewa sokoni. Ukiona maandishi EN 1888, hiyo ni namba ya viwango vya Ulaya kwa vigari vya watoto. Maandishi hayo yanakuambia kilitengenezwaje, hayakuambii kimetumikaje. Na siku zote, watoto wawe mbali wakati wa kukunja na kukunjua.

Nne, usining'inize mkoba kwenye mpini. Uweke kwenye kikapu cha chini, au uubebe mgongoni.

Tano, pima mlango wako, geti lako na korido yako kwa futi ya fundi kabla hujauliza bei. Nilipokwenda Kariakoo na futi kutazama kigari kingine, muuza duka aliniuliza kama nataka kununua kabati. Nikamwambia kabati likigoma mlangoni hulala nje peke yake.

Yapo na mambo ya matumizi. Jua letu ni kali, na kina mama wengi hutupa kanga nzito juu ya kigari ili mtoto apate kivuli. Msifanye hivyo. Nguo iliyofunika pande zote huzuia hewa, na ndani hugeuka tanuri wakati nje mnaona kivuli. Tumieni paa la kigari lenyewe, tembeeni asubuhi au alasiri, na mguseni mtoto shingoni mara kwa mara. Chandarua chepesi kinaruhusiwa na kinafaa. Milipuko ya homa ya dengi jijini mwaka 2014 na 2019 ilitukumbusha kwamba wapo mbu wanaouma mchana.

Wakati wa kuvuka barabara, kumbuka kwamba kigari kiko mbele yako zaidi ya mita moja. Ukitokea kati ya magari yaliyoegeshwa ili uchungulie, watoto wamekwisha kuingia barabarani kabla jicho lako halijafika. Vuka palipo wazi, au kiweke kigari ubavuni mwako unapochungulia. Hali kadhalika moshi. Kimo cha kigari ni kimo cha bomba la moshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey cha Uingereza walionya mwaka 2018 kwamba watoto walio katika vigari wanaweza kupata hewa chafu zaidi ya watu wazima kwa hadi asilimia 60. Ukiwa na njia ya uchochoroni na ya barabara kuu ya Kilwa, shika ya uchochoroni.

Baada ya yote hayo utaniuliza: je, ninunue au nisinunue? Nathubutu kusema kwamba kwa wengi wetu wa Temeke, Mbagala, Tandale na Mburahati, jibu ni kigari cha mtoto mmoja, chepesi, chenye magurudumu imara, pamoja na mbeleko. Mkubwa akae kigarini, mchanga awe mwilini. Kigari cha mmoja hupita mlangoni, huingia kwenye bajaji, na bei yake ni ya kuzungumzika. Cha watoto wawili kinamfaa mwenye mapacha, mama aliyefanyiwa upasuaji kama dada yangu, au anayekaa kwenye mitaa yenye lami na mitaro iliyofunikwa. Na hata huyo, atakihitaji kwa mwaka mmoja na nusu hivi, maana mkubwa akifika miaka mitatu atataka kutembea. Heri kuazima au kununua kwa kushirikiana na jirani.

Wapo vijana wanaoiona mbeleko kuwa ni ushamba. Niwape kisa. Miaka ya 1960 muuguzi wa Marekani, Ann Moore, alifanya kazi Togo kwa kujitolea. Aliona kina mama wa huko wamewabeba watoto mgongoni kwa kitenge, nao wametulia. Aliporudi kwao alimwomba mama yake amshonee kibebeo cha namna hiyo, wakakiita Snugli, wakakipatia hataza mwaka 1969, na kikauzwa kwa wingi. Leo kijana wa Sinza anakwenda dukani kununua mkoba wa kubebea mtoto, na nyumbani bibi yake ana kanga doti tano sandukuni!

Ila mbeleko nayo ina kanuni zake, na bibi zetu walizijua. Mchanga asiyeshika shingo hubebwa mbele, uso wake uonekane, kidevu kisiguse kifua, kichwa kishikwe na nguo. Mgongoni ni mpaka shingo ikaze. Miguu iachwe itanuke kama ya chura, isinyooshwe na kubanwa. Mama mwenye kidonda cha upasuaji asifunge fundo juu ya kidonda, na siku za mwanzo ambebee mwingine: baba, shangazi, au mjomba mwenye kovu la moyoni kama mimi.

Hapa nina neno kwa wanaume wenzangu. Siku ile wazee wa kahawa walicheka kwa sababu hawajazoea kuona mwanamume anasukuma watoto. Mwanamume akisukuma mkokoteni wa matofali ni shujaa, akisukuma wanawe ni kichekesho. Nawaomba tuzoee. Na tuzungumze na wake zetu habari ya kupanga uzazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, kwa afya yake na ya watoto. Kupanga huko ni mazungumzo ya watu wawili, na yangempunguzia dada yangu mzigo kuliko kigari chochote.

Neno la mwisho ni kwa wakubwa wa manispaa zetu. Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake mwaka 2015, umeleta lami na mifereji katika baadhi ya mitaa ya Kinondoni, Ilala na Temeke, na tofauti inaonekana. Lakini mtaro bila mfuniko ni shimo la kumtegea mtoto. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai majengo ya umma yafikike. Njia ya mteremko atakayojengewa mwenye kiti cha magurudumu ndiyo hiyo hiyo atakayopita mama mwenye kigari, mzee mwenye mkongojo na kijana mwenye toroli la maji. Jiji hili lilikuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Wengi wao walianza maisha kwa kubebwa, na wengi watayamaliza kwa kushikwa mkono.

Kigari chetu kimetengenezwa. Fundi wa baiskeli wa Tandika ametia breki mpya pande zote mbili, na fundi cherehani ameshona mikanda kwa uzi wa viatu. Nimekijaribu kwa sembe. Wiki ijayo mchanga anatimiza wiki 10, nami ndiye msukumaji. Nimewaambia wazee wa kahawa wajiandae kucheka, lakini safari hii mmoja wao amesema atatusindikiza mpaka pale penye mteremko.